Mafuta Yaliyosingiziwa

"Leteni kikombe! Nitainywa mise hii hapa hapa mbele yenu," alisema Kankindi, "halafu muhesabu minye nitakufa kisha siku ngapi."

"Hakuna muntu alikuambia uinywe," Honorine akamjibu, mikono kiunoni. "Kunywa unaweza kunywa, tumbo lako ni la kizamani. Sisi tunasema juu ya ngozi ya mutoto. Angalia shingo! Angalia hapa kwa kiwiko! Utasema ni jua?"

Honorine alikuwa dada mkubwa wa Émérance, mke wa nyumba ile na mkwe wa Kankindi, na sauti yake ilikuwa ya kuuzia samaki: ikisikika uani pale mtaa wa Rugenge, aliye ziwani naye ameipata. Hakuja peke yake. Alikuja na jirani, Célestine, ili shahidi awepo, na Célestine alisimama kando ya ukuta wa jikoni kama mtu anayekusanya maneno ya kupeleka bombani, kwa wanawake wachota maji.

"Watoto munane nilizaa," alisema Kankindi. "Bote nilibapakaka mise, haya mafuta ya kokwa za michikichi. Huyu bwana ya mudogo wako nilimupakaka mise mpaka akaanza masomo. Ulishaona ngozi yake imebabuka?"

"Ile ilikuwa mise ya Bwegera, ya wakati wa amani. Hii unaipika mu vita, na kokwa za kuokota. Nani anajua mulianguka nini ndani?"

"Honorine, minye si mutoto mwenzako."

"Ndiyo sababu ninakuambia pole pole."

Hiyo ndiyo ilikuwa pole pole yake.

Émérance mwenyewe alikuwa ameketi kizingitini. Generose, binti yake wa miezi saba, amelala chali mapajani pake, mikono imetanuliwa, maana popote ngozi ilipogusana na ngozi mtoto alilia. Mashavu yalikuwa mekundu na yamevimba. Shingoni ngozi ilitoka vipande vyepesi kama maganda ya kitunguu. Honorine aliposema "angalia", wote waliangalia, na Émérance naye akaangalia, kana kwamba alikuwa mgeni aliyeitwa kutoa pole.

Saa sita mume wake akaingia. Ildephonse alikuwa karani wa ofisi ya serikali tangu kabla ya uhuru. Sasa, mwaka wa sitini na nne, miezi miwili tangu waasi walipoingia Uvira, alikuwa karani wa waasi, kwa kuwa nao walihitaji mtu wa kuandika. Lakini aliacha tai nyumbani, na soksi, na zile kalamu mbili za mfukoni. Alitembea kwa ndara kama mtu aliyetoka shamba. Simba, ndivyo wapiganaji wale walivyoitwa, hawakupenda watu waliojifanya wazungu, na mtu wa ofisi hakuwa na namna nzuri ya kuthibitisha kwamba hakuwahi kujifanya.

Alisikiliza upande wa Honorine. Alisikiliza upande wa mama yake. Akamtazama mkewe.

"Weye unasema nini?"

"Mutoto anaumwa," alisema Émérance.

Hilo halikuwa jibu, lakini kila mtu alilichukua kama jibu.

"Mama," Ildephonse akasema akitazama ndara zake, "siku ya nne kuna kamio ya magunia inapanda Bwegera. Labda uende kwa Libérat kidogo. Mpaka maneno yapoe."

Libérat alikuwa mdogo wake, aliyebaki Bwegera, uwandani, kulinda shamba la mpunga. Kankindi mwenyewe alikimbia kutoka kule mwezi wa tano, risasi zikilia nyuma ya nyumba, akashuka Uvira kwa miguu na kokwa za mise amezifunga kwenye kikapu. Yote hayo mwanawe aliyajua. Mama mtu alimtazama mpaka akainua uso.

"Kidogo," alisema Kankindi. "Sawa. Minye nitaenda kidogo."

*

Ukweli ulikuwa ndani ya boksi la nguo za Émérance, umefungwa ndani ya taulo: kopo dogo la pomadi nyeupe, lililonunuliwa Usumbura kabla mpaka haujafungwa.

Ilikuwa pomadi ya kung'arisha uso. Alianza kuipaka mwaka wa uhuru, kidogo tu, pembeni mwa macho na juu ya mashavu. Kwenye fwaye, pale wake za makarani walipofundishwa kupiga pasi, kufuma na kuosha mtoto kwa maji yaliyopimwa joto, mwalimu wao alishika chupa ya mise kwa vidole viwili, mbali na pua, akasema mafuta ya kienyeji huziba ngozi na kuifanya ipoteze nuru. Wanawake wote waliandika kwenye daftari. Émérance aliandika, akapiga mstari chini yake.

Basi Kankindi alipohamia kwao, akaanza kila asubuhi kumpaka mjukuu wake kuanzia utosi hadi nyayo, Émérance hakusema kitu, mkwe hasemi. Ila siku moja mke wa mkubwa wa ofisi alipita kuwasalimu, akambeba mtoto, akamrudisha upesi. "Mama Generose," alicheka, "mutoto wako iko ananuka Bwegera." Ni hayo tu. Tangu siku hiyo, mama mkwe alipomaliza kupaka na kwenda kwenye kinu chake, Émérance alichukua kitambaa cha maji ya moto, akapangusa sehemu zinazoonekana, uso, shingo na mikono, halafu akapaka pomadi yake. Miguu na tumbo vilikuwa ndani ya nguo. Harufu yake haikufika kwa wageni, akaviacha.

Alifanya hivyo majuma mawili. Wekundu ulipoanza alidhani ni vumbi la kiangazi. Ngozi ilipoanza kutoka, aliifunga pomadi kwenye taulo. Na mtu wa kwanza alipomwuliza, "Mulimupaka nini?", mdomo wake ulijibu kabla yake: "Mafuta ya mama mukwe."

*

Siku ya tatu asubuhi alimpeleka mtoto kwenye dispensere. Daktari alikuwa ameondoka, masista walikuwa wameondoka, dawa nazo ziliondoka kwa njia zao. Alibaki Norbert, muuguzi, mwanaume mfupi aliyevaa koti jeupe lenye kiraka cha bluu.

"Vua nguo yote," alisema Norbert.

"Vidonda viko huku juu tu."

"Nimesema yote."

Akamvua. Norbert alimgeuza mtoto pole pole, huku na huku. Juu, ngozi ilikuwa imechubuka. Lakini kuanzia kifuani kushuka, tumbo, mapaja, mikunjo ya magoti, hata pale nepi inapokwaruza watoto wote, ngozi ilikuwa laini, imetulia, inang'aa kwa unyevu wake yenyewe. Kiangazi kile watoto wa Uvira walikuwa weupe kwa ukavu kama waliogaragazwa kwenye unga. Huyu miguu yake ilikuwa kama ya mtoto aliyezaliwa mwezi wa mvua.

"Mama mukwe wako anamupaka wapi?"

"Mwili."

"Mwili muzima?"

"Ndiyo."

"Na miguu hii pia."

"Ndiyo."

Norbert akachukua muda kukunja mikono ya koti. "Mama, mise naijua. Minye nilikulia ndani yake. Si dawa. Haiponyeshi kidonda, na juu ya kidonda kibichi siitaki. Lakini ngozi nzima ukiipaka ingali na maji ya kuoga, inayafungia yale maji ndani, upepo hauyanywi. Haichubui. Na kama ingechubua, ingechagua uso na kuacha makalio?"

Émérance alianza kumvisha mtoto.

"Ngozi kama hii niliionaka," Norbert akaendelea, sauti chini, "kwa wanawake. Wa makopo. Kwa mutoto, sijaonaka. Ile kitu inapita ngozi, inaingia ndani. Iko kitu ingine mulimupaka?"

Kulikuwa na mtu mmoja tu chumbani, na mtu huyo tayari alijua. Hakukuwa na mahali rahisi zaidi pa kusema.

"Hapana," alisema Émérance.

"Basi," alisema Norbert. "Maji ya chumvi kidogo, yaliyochemka na kupoa. Usifunge. Na kile ambacho hamukumupaka, musirudie."

*

Alitoka pale uso unamwaka. Nyumbani alimsubiri mumewe, na alipokuja kula alimwambia, wamesimama ndani, mlango umerudishwa. Alimwonyesha kopo. Alitegemea atapiga kelele. Alitaka apige kelele.

Ildephonse aliligeuza kopo, akasoma maandishi, akalirudisha ndani ya taulo kwa uangalifu wa mtu anayerudisha yai.

"Nani mwingine anajua?"

"Norbert anafikiri."

"Kufikiri si kitu." Akaketi. "Sikiliza. Ukisema ni pomadi, watauliza pomadi ya nini. Ukisema ya kung'arisha uso, kesho bombani itakuwa kwamba bibi ya karani alikuwa anamugeuza mutoto muzungu. Kesho kutwa itafika kwa simba. Unajua walikuja kumuchukua nani juma lililopita? Na yeye kosa lake lilikuwa gramafoni."

"Na mama?"

"Mama ni mama. Wazazi wanavumilia."

"Na barabara? Kuna barieri tatu za simba mpaka Bwegera. Na kule wanapigana."

"Watu wanapita."

"Ildephonse, ni mama yako."

"Kwani minye sijui ni mama yangu?" Sasa ndipo alipopiga kelele, lakini ya chini, kelele ya meno. "Weye ulimusingizia, si minye. Minye ninatafuta tu namna ya sisi wote kuamuka kesho."

Akala. Alikula ugali wote, akanawa, akarudi kazini. Émérance alibaki na sahani mkononi, na kilichomwaibisha kuliko yote ni kwamba moyo wake ulikuwa umetulia kidogo. Mume ameamua. Mke afanye nini tena?

*

Alasiri chupa zilianza kurudi.

Tangu afike, Kankindi alikuwa amewapa mise wanawake wote wa mtaa waliokuwa na wachanga. Sabuni ilikuwa imeadimika, maduka yamefungwa, watu walioga kwa magadi, ngozi zikapasuka. Yeye alianika kokwa, akazipasua kwa jiwe moja moja, akakaanga, akatwanga, akachemsha, akaengua mafuta yalipopanda, akayarudisha motoni mpaka yaache kulia, maana mafuta yenye maji huoza. Aliwapimia katika chupa za bia. Waliompa unga alipokea, wasiokuwa nao aliwaambia, "Nenda, mutoto hana kosa."

Sasa walikuja mmoja mmoja. Célestine alikuwa wa kwanza, hakubisha hodi. Aliigeuza chupa yake langoni, mafuta yakamwagika vumbini, akaiegemeza ukutani. Wa pili akafanya hivyo hivyo, akijifuta mkono kwenye kitenge kama aliyeshika mzoga. Inamahoro, aliyetoka uwandani kama Kankindi, aliomba radhi kwa Kirundi, lakini naye akamwaga. Agathe, mama wa mapacha, alileta chupa tupu.

"Uliimwaga wapi?" Célestine akamwuliza.

"Niliimwaga," alisema Agathe, "ndani ya chupa ingine. Mapacha wangu wananing'aria kama ndagala mbichi, niwapake nini, mate yako?" Wanawake wakacheka, lakini Agathe aliyasema hayo akiwa ameshasogea barabarani, tayari kuondoka.

Kankindi aliketi jikoni, mlango wazi, akiona yote. Hakutoka. Zilipofika chupa kumi na moja na pale langoni udongo ukawa mweusi, aliinuka, akaziokota chupa, akaziosha kwa jivu, akazipanga.

Kisha akamwita Émérance.

"Mukamwana, keti."

Akaketi.

"Nimefikiri siku tatu," alisema mama mkwe. Macho yake yalikuwa mekundu, na aliongea kama mtu anayesoma barua ngumu. "Nimeipata. Ni sufuria. Ile ya kukaangia alinipa Sévère, mwashi. Labda alichanganyia ndani chokaa. Niliiosha, lakini chokaa inajificha. Ama basi nilikaanga sana, ikaungua. Minye nilikuwa najua mise kuliko Baba Yetu. Naona uzee umeingia mu mikono."

"Mama…"

"Ngoja nimalize. Mutoto akipona, ngozi ikifunga kabisa, usiogope mafuta yote juu ya kosa langu. Tafuta mise ya mutu mwingine, mwenye mikono mizuri. Uipake kidogo kwanza, hapa nyuma ya sikio, ungoje siku mbili. Minye sikungoja. Nilijiamini." Akainama mbele ya mke wa mwanawe, akapiga makofi mawili ya taratibu, kama aombavyo mdogo kwa mkubwa. "Unisamehe. Nilikuunguzia mutoto."

Émérance alisema, "Hakuna kitu, mama."

Alisema hivyo. Maneno yalitoka safi, ya adabu, kama alivyofundishwa, na mama mkwe akamshukuru.

*

Kamio ilisimama kando ya bomba, maana ndipo watu wa uwandani walipozoea kuingojea. Ilikuwa asubuhi ya siku ya nne, foleni ya ndoo imefika mpaka kona. Simba wawili waliketi juu ya kabini, mmoja akila muwa. Kankindi alishapandishwa, alikaa katikati ya magunia, kifurushi magotini, rozari imezungushwa kwenye kiganja. Ildephonse alikuwa anaongea na dereva kwa bidii ya mtu asiyetaka kutazama nyuma. Honorine alikuja pia. Alisema amekuja kuaga.

"Uende muzuri, mama," alisema Honorine kwa sauti ya wote. "Na kule usipakepake watoto wa watu."

Foleni ikacheka. Kankindi aliteremsha uso, akavuta kitenge mpaka kwenye paji, na mwanamke huyo aliyejitolea siku chache nyuma kunywa mafuta mbele ya mashahidi sasa alijifunika kama mwizi.

Émérance alikuwa na Generose mgongoni. Mtoto alikuwa ameanza kupata nafuu. Usiku alilala, wekundu ulipungua. Tangu alfajiri watu walikuwa wakimwambia: unaona? Tangu mise iachwe, mutoto anapona. Kila nafuu ya mtoto ilikuwa inampigilia mwanamke yule msumari mwingine, na Émérance alielewa kwamba itakuwa hivyo siku zote. Ngozi itafunga, na ikifunga, uongo utakuwa umethibitishwa milele. Hakutakuwa na siku nyingine yenye nafasi. Dereva alipanda. Injini ikakohoa, ikashika.

Akamfungua mtoto mgongoni.

Ildephonse alimwona akimfungua na akajua. "Émérance," alisema. "Rudi nyumbani."

Hakurudi. Alikwenda mpaka ubavuni mwa kamio, akamwinua Generose juu kwa mikono miwili, akamvua kigauni mbele ya foleni nzima, mtoto akabaki uchi, juu mwekundu, chini laini.

"Muangalie!" alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, haikuwa sauti ya fwaye wala ya adabu. "Muangalie miguu. Muangalie tumbo. Hapo ndipo mise ya mama ilibaki. Huku juu niliipangusa mimi. Nikapaka pomadi yangu ya Usumbura, ile ya kung'arisha uso. Mafuta ya mama hayana kosa. Ni mimi niliunguza mutoto, halafu nikamusingizia."

Ndoo ya mtu ilikuwa imejaa, maji yakimwagika, na hakuna aliyeiondoa. Simba mwenye muwa aliacha kutafuna.

"Pomadi ya nini?" Célestine akauliza, ingawa alisikia.

"Ya kuwa mweupe," alisema Émérance. "Nilitaka asinuke Bwegera."

Honorine alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Rugenge haikusikia kitu. Ildephonse alikuwa ameshika mlango wa kamio, rangi yote imemtoka, akiwatazama wale wawili juu ya kabini. Yule mwenye muwa alitema makapi, akacheka, akampiga mwenzake goti. Labda kilikuwa kicheko tu. Labda jioni wangekuja. Hakuna aliyejua.

Émérance hakuwatazama. Alimtazama mama mkwe, aliyekuwa amekifunua kitenge usoni na kuinama juu ya ubao wa kamio. Alitegemea machozi, au mkono wa huruma. Uso wa Kankindi ulikuwa mkavu kama jiwe la kupasulia.

"Sijasikia," alisema Kankindi. "Injini inapiga kelele. Sema tena."

Alikuwa amesikia. Wote wawili walijua kwamba alikuwa amesikia.

"Dereva," Kankindi akaita bila kugeuka, "zima kwanza."

Dereva akazima. Watu ambao hawakuwepo mwanzo walikuwa wameanza kutoka majumbani. Émérance alimlaza mtoto begani, akasafisha koo, akayasema yote tena tangu mwanzo, neno kwa neno, kwa sauti ya kuuzia samaki. Na alipomaliza, alinyoosha mkono wake mtupu juu, kukipokea kifurushi cha mama mkwe.